CV inasema hivi, LinkedIn inasema vile: waajiri wanaangalia kweli au tunatishana?

KizotaRelini (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Naomba majibu ya wenye uzoefu, siyo ya kukisia.

Mdogo wangu wa kike kamaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mambo ya takwimu. Akajitolea kwenye mradi mmoja wa lishe huko Chamwino, baadae wakampa mkataba mfupi wa kukusanya data. Wiki iliyopita kaitwa intaviu kwenye shirika moja hapa mjini, jina naliacha. Anasema maswali yote kajibu vizuri, ila mwishoni mama wa rasilimali watu akageuza laptop akamwonyesha profaili yake mwenyewe ya LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi. Kwenye CV ameandika Mkusanya Data, Machi mpaka Agosti. Kule LinkedIn ni Mchambuzi wa Data na mwezi wa kumaliza haupo, inasomeka mpaka sasa. Akaulizwa, "kwa hiyo bado uko kule au umeondoka?" Akaeleza, lakini anasema nyuso zilishabadilika. Mpaka leo kimya.

Swali langu, hivi vitu viwili lazima vifanane neno kwa neno? Na kuna mtu humu aliyewahi kukatwa kwa sababu hiyo peke yake?

MlendaMbichi
Pole kwa dogo. Ila mkuu nikwambie ukweli, mtu wao alikuwepo tangu tangazo halijatoka. Wakishakuwa na mtu wao watatafuta kasoro popote, wasingeiona LinkedIn wangeenda kwenye mwandiko. Nimeenda saili za kutosha Dodoma hii toka kabla serikali haijahamia, sijawahi kuulizwa habari za LinkedIn. Hayo mambo ni ya Nairobi na Dar huko.

AfisaWatu_Dom
Napingana na MlendaMbichi kwa heshima zote. Mimi nipo idara ya rasilimali watu, siyo serikalini, ngoja niseme tunavyofanya sisi.

Maombi yakiingia mia kadhaa kwa nafasi moja hakuna anaefungua LinkedIn ya kila mtu, huo muda hatuna. Kwanza tunachuja kwa CV. Wakibaki wale wachache wa kuitwa ndo mtu anaandika jina Google na mara nyingi LinkedIn ndo inatokea juu. Hapo tunatazama jina la mwajiri, cheo, mwezi na mwaka wa kuanza na kuacha, na elimu. Basi. Maneno mengine andika utakavyo, hatukai kulinganisha sentensi. Na ukipishana mwezi mmoja hakuna wa kukuuliza, watu tunasahau. Kinachosumbua ni CV kuonyesha kazi 3 na profaili kuonyesha 5, au CV inasema mkataba uliisha Agosti halafu profaili inasema bado upo, maana hapo anaesoma hajui ashike lipi, na mimi nikipeleka jina lako kwa mkurugenzi ndo naulizwa mimi.

Kwa dogo wa mleta mada mimi naona kilichomponza siyo tarehe, ni cheo. Kukusanya data na kuchambua data ni kazi mbili na mishahara miwili tofauti.

FundiLaptop_Ipagala
Mimi nasema ni tarehe, na sababu yake watu wengi hawaijui. LinkedIn ukiweka kazi ukatiki kale kaboksi kwamba bado uko hapo, inaendelea kuhesabu yenyewe kila mwezi, na pembeni inakuandikia jumla ya miaka na miezi. Mtu kafanya fildi ya wiki nane akiwa mwaka wa pili, hajaifunga, leo ukifungua unakuta ana uzoefu wa miaka minne kwenye benki ambayo alikaa mapokezi kupanga fomu. Hajadanganya mtu, hajaingia mle toka alipofungua akaunti. Lakini anaesoma atajuaje?

Halafu kuna ule mstari wa juu chini ya jina lako, usipouandika mwenyewe inachukua cheo na jina la kampuni ya kazi uliyonayo. Kwa hiyo kazi ya zamani isiyofungwa inajitokeza sehemu mbili, tena ya kwanza ndo ile inayoonekana hata kwenye Google kabla mtu hajabonyeza.

Kuifunga ni dakika moja, gusa alama ya kalamu kwenye ile kazi, toa tiki, weka mwezi na mwaka, sevu.

MamaNeema_Steshenari
Jamani salam. Mimi nina steshenari Ng'ong'ona, wateja wangu wengi ni wanachuo na waliomaliza wakabaki mtaani wanasubiria kazi. CV zinapita mkononi kwangu kila siku, na siku Ajira Portal ikitoa tangazo kubwa ndo hatulali.

Kijana anakuja anasema mama nitolee kama ya yule rafiki yangu wa jana. Basi binti yangu wa kompyuta anafungua ya huyo rafiki, anabadilisha jina, simu, chuo, anasevu, anaprinti. Kule chini kwenye wadhamini mhadhiri wa yule mwingine bado kakaa vile vile. Kuna kijana nimemrudisha akiwa mlangoni, kashalipa na bahasha kashika, nikamwambia mwanangu hebu soma hapa kwenye malengo, wewe umesoma ukunga mbona malengo yako ni kusimamia ununuzi na ugavi? Akasoma, akakaa kwenye benchi, akasema mama hapa sijawahi kupasoma.

Sasa huyo huyo usiku yuko hosteli na simu yake anajaza LinkedIn kwa kichwa, anaandika anayoyakumbuka. Vitafananaje wakati kimoja kaandika binti yangu na kingine kaandika yeye? Mimi naona tatizo linaanzia hapo, kabla hata ya kufika kwa huyo mama wa laptop.

KondoaKwetu
Mama Neema umemaliza. Mimi nimeshika CV mbili za watu wawili wasiofahamiana, zote "napenda kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo", na zote zimekosea herufi ile ile kwenye neno lile lile 😂 Sasa nimejua kiwanda kilipo.

MamaNeema_Steshenari
@KondoaKwetu mwanangu kiwanda hicho kina washindani sita mtaa mmoja, usinibebeshe zote mimi. Ila kuanzia msimu huu nimebandika karatasi ukutani, SOMA CV YAKO YOTE KABLA HUJALIPA. Wanaosoma wanaongezeka.

MzeeWaChimwaga
Vijana mnaongelea vyeo na tarehe, mimi naona majina ndo yanaumiza watu wengi zaidi. Cheti cha kidato cha 4 kina majina mawili, NIDA ina matatu, CV kaweka na la mume, LinkedIn kaandika jina la mtaani. Mwajiri atajuaje kwamba ni mtu mmoja? Mnakumbuka ule uhakiki wa 2016, watu karibu elfu kumi waliondolewa serikalini kwa mambo haya haya ya majina kupishana kwenye vyeti.

Mhakiki_Makole
Shikamoo mzee wangu. Naomba nirekebishe mawili. Ile ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli Aprili 2017, tena hapo hapo Chimwaga UDOM, na idadi iliyotajwa ilikuwa 9,932. Pili hao walitajwa kwa vyeti vya kughushi, siyo majina kupishana. Mwenye majina kupishana hafukuzwi, anatakiwa awe na hati ya kiapo ya majina. Someni matangazo ya kuitwa kwenye usaili ya Sekretarieti ya Ajira, imo kila mara, pamoja na kwamba hati za matokeo za kidato cha 4 na cha 6 hawapokei, wanataka cheti chenyewe. Tusiwachanganyie watoto mambo mawili wakaogopa kisichowahusu.

MzeeWaChimwaga
Marahaba. Mwaka umeuweka sawa na nakushukuru. Hoja ya majina lakini inabaki, jina la kwenye cheti ndo liwe kwenye CV na ndo liwe LinkedIn. La mtaani abaki nalo mtaani.

BintiMpwapwa
Mzee uko sahihi na mimi lilinikuta. Nina majina mawili ya kawaida kabisa huku kwetu, tunaoitwa hivyo tupo wengi. Nimeingia intaviu mtu ananiuliza mbona kwenye profaili unauza vipodozi Mwanza. Nikamwambia huyo siyo mimi, akanitazama kama namficha. Ikabidi nifungue ya kwangu kwenye simu pale pale mezani. Toka siku hiyo linki ya profaili yangu naiweka juu kabisa ya CV chini ya namba ya simu, na nimeifupisha isiwe na zile tarakimu za mwisho wanazokupa wao. Ukiweka linki unamwondolea kazi ya kutafuta na unajua anaefunguliwa ni wewe.

FundiLaptop_Ipagala
@BintiMpwapwa hiyo ya linki ni muhimu sana. Na kuna wengine wanagongana na wao wenyewe. Alifungua akaunti chuoni kwa imeili ya zamani, akasahau nywila, akafungua nyingine. Sasa ziko mbili zina picha yake, moja anasoma mwaka wa 3 na nyingine ameajiriwa. Wateja wa hivyo nawapata kila wakati. LinkedIn wana sehemu ya kuunganisha akaunti mbili ila mjue inahamisha watu uliounganishwa nao tu, maelezo ya kwenye ile akaunti inayofungwa hayahami, kwa hiyo kopi kwanza unachokitaka.

MlendaMbichi
Nasoma wote kwa makini. Mpaka hapa hakuna aliyesema "mimi nilikatwa kwa sababu ya LinkedIn". Kuulizwa swali siyo kukatwa. Swali la mleta mada lilikuwa hilo.

TwigaWaManyoni
Basi chukua hii MlendaMbichi. Shemeji yangu alishapewa barua ya ofa kabisa kwenye kampuni moja, kaaga alikokuwa. Kabla ya kusaini mkataba wakafanya uchunguzi wao. Kwenye CV alikuwa ameitoa kazi moja aliyokaa miezi miwili akaachana nao kwa ugomvi wa posho, kwenye LinkedIn ilikuwepo. Wakawapigia hao hao wa ugomvi. Unajua waliambiwa nini? Sisi hatujui, tunachojua ofa ilirudi. Barua ilisema tu "taarifa zisizolingana".

MlendaMbichi
Hapo sasa nimekuelewa ila bado hujanishawishi. Kilichomwangusha ni maneno ya bosi wa zamani, siyo kupishana. Hata zingefanana wangepiga.

TwigaWaManyoni
Wangepiga vipi kama hawajui kwamba alifanya kazi pale?

KizotaRelini
Aisee huu mjadala unaenda mbali nashukuru. Sasa AfisaWatu, kutoa kazi kwenye CV ni uongo? Maana tunaambiwa CV iwe kurasa mbili.

AfisaWatu_Dom
Siyo uongo. CV unachagua, hasa kama ulishafanya vibarua vingi. Ukiomba uhasibu huna haja ya kuniandikia ulivyosimamia ukumbi wa harusi. Ila profaili ni moja na inaonwa na kila mtu, CV unaibadilisha kila tangazo, kwa hiyo haiwezekani zifanane neno kwa neno na anaekwambia zifanane anakupotosha. Kisichobadilika ni vile vitu nilivyotaja mwanzo. Kazi ikiwepo sehemu zote mbili basi iwe na cheo kile kile na tarehe zile zile.

Shida ya shemeji yake TwigaWaManyoni mimi naona ilikuwa kuiacha upande mmoja bila kujiandaa kuielezea. Akiulizwa angeweza kusema nilikaa miezi miwili hatukuelewana malipo nikatoka. Watu wanaelewa.

Ihumwa_Mpya
Hapo nakubali nusu. Kwenye CV sawa unachagua, lakini fomu ya mwajiri ni kitu kingine. Mimi nimejaza fomu za mashirika ya Umoja wa Mataifa, ule mfumo wa Inspira na kabla yake fomu ya P11, kule wanataka historia yote ya ajira, mwezi kwa mwezi, na jina la msimamizi wako. Mwishoni unatia sahihi kwamba ulichosema ni kweli na kwamba ukibainika umedanganya au umeficha kitu cha maana unaweza kufukuzwa hata kama umeshaajiriwa. Sasa mtu anachukua CV yake ya kurasa mbili iliyochaguliwa chaguliwa anaihamishia kwenye fomu inayotaka yote. Hapo pengo siyo tena suala la LinkedIn, ni sahihi yako.

Ushauri wangu kuwa na faili moja nyumbani ambalo hulipeleki popote, limejaa kila kitu hata kibarua cha sensa, tarehe ya mkataba, jina la msimamizi, simu yake, mshahara. Ukijaza chochote unachota humo.

BintiMpwapwa
Hilo faili nimelipenda. Naanza leo.

Mhakiki_Makole
Na kwenye hilo faili mtu aweke na cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe ukimaliza ajira, wengi hawaombi, wanaondoka na simu ya kuaga tu. Karatasi ile ndo inamaliza ubishi.

Kitu kingine watu wanasahau, michango yako ya NSSF ina miezi na jina la mwajiri. Ukichukua taarifa yako ya michango unaona lini walianza kukuchangia na lini waliacha. Ukiandika miaka mitatu na michango ni ya mwaka mmoja na nusu, jiandae kueleza.

KondoaKwetu
Mkuu hapo unawaumiza wasio na hatia. Waajiri wangapi wanakata mshahara na hawapeleki? Mimi nimefanya kazi sehemu mwaka mzima michango ikaja ya miezi minne. Nikiandika mwaka mmoja kwenye CV nitakuwa nimedanganya?

Mhakiki_Makole
Hapana hujadanganya, na ndo maana nimesema jiandae kueleza siyo kwamba umekwisha. Mkataba wako na hati za mshahara ndo ushahidi. Na kama walikata mshahara wakaila hela, kalalamike NSSF wenyewe, ni haki yako.

KizotaRelini
Naomba nirudi kwenye cheo maana nimeongea na dogo usiku huu. Mkataba wake umeandikwa mkusanya data. Ila baada ya wiki chache yule aliyekuwa anachambua akaondoka, dogo ndo akawa anasafisha data kwenye Excel, anaingiza kwenye Stata (programu ya takwimu), anatoa majedwali ya ripoti. Ripoti ya mwisho majedwali yote ni ya kwake. Ndo maana LinkedIn akaandika mchambuzi. Kwenye CV akaandika cha mkataba kwa sababu aliambatanisha mkataba. Sasa kosa lake liko wapi?

AfisaWatu_Dom
Ahsante kwa ufafanuzi, hili linabadilisha picha. Hana kosa la uongo. Ila mimi ningeandika cheo cha mkataba sehemu zote mbili, halafu chini yake mstari wa kwanza kabisa niseme nilisafisha na kuchambua data ya mradi kwa Stata na kuandaa majedwali ya ripoti ya mwisho. Anaetafuta mchambuzi atauona, na msimamizi wake akipigiwa simu atakubali kila neno.

Ihumwa_Mpya
Mimi sikubaliani hata kidogo. Mfumo wa kuchuja hausomi mstari wa kwanza chini ya cheo kwa huruma, na rikruta, yule anaetafutia kampuni watu, akitafuta LinkedIn anaandika jina la kazi, mchambuzi wa data, basi. Ukiandika mkusanya hutokei. Mtoto kafanya kazi ya mchambuzi, aitwe mchambuzi. Cheo cha mkataba mwajiri alimpa ili amlipe kidogo, kwa nini yeye aendelee kukibeba?

AfisaWatu_Dom
Kwa hiyo kila mtu ajipe cheo anachoona anastahili? Nikimpigia msimamizi akaniambia "huyu alikuwa mkusanya data" mimi nifanye nini?

Ihumwa_Mpya
Umuulize alifanya nini, usimuulize aliitwaje.

SingidaAlizeti
Hapa katikati kuna njia, nimeiona kwa watu. Ule mstari wa juu chini ya jina siyo cheo cha mwajiri, ni maelezo yako wewe, una nafasi ya herufi 220. Pale andika unachofanya, uchambuzi wa data, Stata, Excel, utafiti wa lishe. Rikruta akitafuta anakukuta. Chini kwenye orodha ya kazi acha cheo cha mkataba. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyefichwa.

Ila mjue kuna kampuni ndogo hazitoi cheo kabisa. Mdogo wangu mkataba wake umeandikwa "mfanyakazi". Huyo tumwambie aandike mfanyakazi?

AfisaWatu_Dom
Huyo amwombe bosi wake amwandikie barua ya utambulisho yenye cheo. Akiikosa wakubaliane kwa maneno kile atakachosema akipigiwa.

MlendaMbichi
Na bosi mwenyewe ukimuomba barua anajua unatafuta kazi, kesho yake huna hata hiyo ufanyakazi.

NzuguniNanenane
Nyie wote mnaogopa kupishana, mimi kupishana kumenipa kazi. CV yangu niliipeleka ya udereva wa mradi, imekaa kidereva. LinkedIn nilikuwa naweka picha za visima tulivyochimba Bahi na Manyoni, naeleza pampu ilikuwa na shida gani na tumeifanyaje. Waliponifungua wakaona najua pampu kuliko huyo fundi waliyekuwa wanamtafuta. Wakaniita kwa nafasi nyingine kabisa. Kama profaili yangu ingekuwa nakala ya CV leo ningekuwa nashika usukani bado.

SingidaAlizeti
Hongera sana kaka. Ila wewe hukupishana, uliongeza. Tarehe na mwajiri zilikuwa zile zile, au siyo?

NzuguniNanenane
Zile zile ndio. Na cheo dereva vile vile.

KondoaKwetu
Kaka hiyo kazi ya visima bado mna nafasi? Huku Kondoa wataalamu wa pampu tupo, na nauli ya basi siombi.

NzuguniNanenane
😂 Tangazo likitoka nakutag. Andaa CV, na usiitoe kwa Mama Neema bila kuisoma.

MamaNeema_Steshenari
Nimewasikia. Kwangu sasa hivi kila mteja anaondoka na faili lake kwenye imeili yake mwenyewe, asije akarudi mwaka kesho anataka "ile ya mwaka jana" na kompyuta imeshaformatiwa. Wengi CV zao hawanazo, wana karatasi tu. Ndo maana wakijaza LinkedIn wanakisia.

ChakoChako_Area C
Wakuu mimi nina swali dogo. Naomba serikalini kupitia Ajira Portal. Je Portal inalinganisha na LinkedIn?

Mhakiki_Makole
Portal unajaza mwenyewe kipengele kwa kipengele, taarifa binafsi, elimu, uzoefu wa kazi, mafunzo, wadhamini, na namba yako ya NIDA lazima. Mimi sijaona sehemu yoyote inayokuomba linki ya LinkedIn. Unachotakiwa kulinganisha pale ni ulichojaza na vyeti halisi utakavyobeba siku ya usaili, maana wanahakiki kwanza ndo unaingia, nimeona watu wanarudishwa getini. Na barua ya maombi iwe na sahihi yako, kuna wanaosahau hata hilo.

ChakoChako_Area C
Asante sana. Na wadhamini, nikibadilisha kwenye CV nibadilishe na Portal?

Mhakiki_Makole
Badilisha kote, na uwapigie wenyewe kwanza. Toka ofisi nyingi zihamie Dodoma kuna wadhamini bado wameandikwa kwa simu ya mezani ya Dar. Inaita tu, hakuna wa kupokea.

MzeeWaChimwaga
Hilo kweli kabisa. Mimi ni mdhamini wa vijana wengi niliowafundisha, wanaonitaarifu ni wachache. Napigiwa simu niko shambani Hombolo kwenye zabibu, naulizwa fulani alifanya nini kati ya mwaka fulani na fulani, sijui nimwambie nini. Kijana akinitumia CV yake kabla, naisoma, nikipigiwa nasema kilichoandikwa na mambo yanaisha.

KizotaRelini
Shikamoo mzee. Hii ya kumtumia mdhamini CV sikuwahi kuifikiria, nampelekea dogo.

TwigaWaManyoni
Swali la mwisho kwa FundiLaptop kabla sijalala. Nimeajiriwa, nataka nisafishe profaili yangu kimyakimya, ila bosi wangu na nusu ya ofisi tumeunganishwa mle. Wakiona nabadilisha badilisha?

FundiLaptop_Ipagala
Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mwonekano, kuna swichi ya kuwatangazia watu wako mabadiliko ya kazi na elimu. Izime kabla hujagusa chochote. Hata ukiwa unahariri kazi moja moja kuna swichi hiyo hiyo juu, hakikisha imezimwa kabla ya kusevu. Halafu ile duara ya kijani kwenye picha inayotangaza kwamba unatafuta kazi usiiweke, chagua ile ya kuonekana na marikruta tu. Ila nayo siyo ya kuaminia asilimia mia, LinkedIn wenyewe wanasema wanajitahidi kuwaficha marikruta wa kampuni yako ila hawakuhakikishii.

TwigaWaManyoni
Na mtu wa rasilimali watu wa kwetu akitumia akaunti ya kampuni nyingine?

FundiLaptop_Ipagala
Hapo atakuona. Zima ya kijani, zima na hiyo ya marikruta, rekebisha tarehe na vyeo tu. Mtu kuwa na profaili iliyonyooka hakuna wa kumhoji.

MlendaMbichi
Atahojiwa tu, kama wana mtu wao wa kumweka kwenye kiti chake.

AfisaWatu_Dom
MlendaMbichi kesho pitia ofisini tunywe chai, niletee na CV yako tuitazame pamoja na hiyo profaili. Nakutumia namba inbox.

MlendaMbichi
Nakuja saa nne. Profaili sina, itabidi tuanzie hapo.